Mikono na Birika

Tykocin, Poland
Jumapili, 7 Julai 1996

Babu Zelig,

Ninakula, ninalala, na soksi ninabadilisha kila siku. Hayo ndiyo uliyoniapisha pale uwanja wa ndege. Sasa yamekwisha, nipe nafasi niseme yangu.

Tulitoka Haifa wanafunzi kumi na wawili wa historia, wenye makelele ya kumchosha hata rubani. Alhamisi tukafika Treblinka na makelele yakaisha yenyewe, mwalimu hakusema neno. Babu, pale hakuna jengo. Ni uwazi tu katikati ya misonobari, na katika uwazi huo mawe, maelfu ya mawe, yamesimamishwa wima, makubwa kwa madogo. Baadhi yameandikwa majina. Si ya watu, ni ya miji! Mji mzima, jiwe moja. Nilipita nikisoma mpaka shingo ikauma, nikitafuta Lipovitz. Sikuiona. Nadhani ilikuwa ndogo mno hata kupewa jiwe. Basi nikachagua jiwe moja lisilo na jina, nikainama nikalinong'oneza, "Wewe ni Lipovitz." Nikaweka kokoto juu yake. Usinicheke.

Leo tuko ndani ya sinagogi la Tykocin na bado sijapata pumzi. Kuta zote zimeandikwa sala, kwa herufi kubwa nyeusi, kutoka usawa wa kichwa mpaka karibu na dari, ili asiye na kitabu ainue macho asome. Zimekuwepo miaka mia tatu na zaidi. Tuna mwenzetu mmoja, Yoram, ambaye hana dini hata ya kuazima. Huyo ndiye aliyeanza kusoma ukutani kwa sauti. Alipofika mahali pa kuitikia, tukaitikia sote bila kupanga, na sauti ikapanda juu ikakaa huko. Waliokuwa wakiitikia hapa walichukuliwa wote kwa siku mbili, na ukuta umesimama na sala zake unangoja.

Kesho tunakwenda Lipovitz yenyewe, tukae wiki nane tukisafisha makaburi. Mwalimu anasema mawe mengi yamelala kifudifudi. Niambie nitafute nini. Maisha yangu yote umeniambia jambo moja tu kuhusu Lipovitz, kwamba mkate wake ulikuwa mtamu kuliko wako.

Mjukuu wako,
Avital


Haifa
Jumatatu, 15 Julai 1996

Avital,

Barua yako nimesomewa na Gershon dukani kwake, kwa sababu miwani yangu niliikalia. Unamjua Gershon, fundi cherehani gani anayelia? Alilia mpaka akaunguza suruali ya mteja kwa pasi. Mteja mwenyewe akasema endelea tu kusoma.

Unaniuliza ninakumbuka nini. Nilitoka Lipovitz nina miaka saba, nimeshikwa mkono na jirani ambaye naye alikufa njiani. Njaa na homa vilinifuta kichwa kama mtu anavyofuta meza. Nakumbuka tanuri. Baba yangu Mordekhai alikuwa mwoka mikate karibu na daraja, na baba yake kabla yake. Huyo babu alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa, ndiyo maana nikapewa jina lake. Baba na mama hawana kaburi, unajua walikoishia. Lakini mzee yule alikufa kitandani kwake kama binadamu. Kwa hiyo kama kuna jiwe, ni la Zelig mwoka mikate.

Na nakumbuka mikono. Ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya, chumba cha nyuma cha sinagogi. Nilikuwa na kimo cha meza, nimeshika taulo. Naliona birika la fedha, maji yanamiminika, na mikono mikubwa inachuruzika maji. Kisha mikono ile ile ikiwa juu, chini ya shuka ya sala, inawabariki watu wote. Basi. Uso wa baba sina. Sauti yake sina.

Mwaka 1942 tulipofika Tehran, sisi yatima wa vita tuliokuwa njiani kuja huku, vichwa vimenyolewa kwa ajili ya chawa, mwanamke mwenye daftari aliniuliza, "Baba yako alikuwa kuhani, Mlawi, au mtu wa kawaida?" Nikamweleza birika na mikono. Akasema, "Kuhani," akaandika. Hapo nikapata baba, Avital. Kila Sabato ninapopanda mbele kuwabariki watu, nikimwagiwa maji naiona mikono yake kwenye yangu. Nina binti mmoja tu, mama yako, kwa hiyo ukuhani huu utaishia kwangu. Lakini hautaishia kabla sijafa.

Ukilipata jiwe, juu yake kutakuwa na mikono miwili imechongwa, vidole vimeachana viwili viwili. Makuhani wote huchongewa hivyo. Weka viganja vyako juu ya vile kwa niaba yangu. Mimi makaburini siingii, hilo unalijua tangu mtoto. Kuhani haendi kwa wafu.

Na kula nyama. Sauti ya barua yako ni ya mtu anayekula viazi.

Babu yako,
Zelig


Lipovitz
Jumatano, 24 Julai 1996

Babu,

Nimelipata.

Lilikuwa kwenye vichaka vya miiba nyuma kabisa, limelala kifudifudi. Jirani hapa ni mama mmoja mzee wa Kipolandi, Bi Genowefa, mwenye bata bukini wakali kuliko mbwa. Kila asubuhi hutuletea ndoo ya maji na kututukana. "Mnashika sepetu kama kijiko cha chai! Nani aliwalea nyinyi?" Juzi alinyoosha kidole akasema lile la miibani hajawahi kuliona upande wa pili tangu awe msichana. Tukalivuta kwa kamba, watu sita, na yeye akitutukana. Likageuka.

Kwa sababu lililala kifudifudi miaka hamsini na zaidi, mvua haikuligusa. Lakini maandishi ni membamba, na jua halikuwa upande wetu. Unajua tunasomaje herufi nyembamba? Kwa unga, Babu. Unaupaka kwa kiganja, unapangusa, unga unabaki kwenye mikwaruzo na herufi zinatoka nyeupe. Mimi mjukuu wa waoka mikate nilipiga magoti nikapaka unga kwenye jiwe, na jina la kwanza kunitokea chini ya mkono wangu lilikuwa lako. Zelig! Nilipiga kelele, bata wakakimbia.

Nakunukulia: "Hapa amezikwa Zelig mwana wa Asheri, mwoka mikate. Aliwasha moto kabla ya mapambazuko na hakumfukuza mwenye njaa mlangoni." Nimeyasoma mara ishirini. Kuna mtu aliyebeba jina lako kabla hujazaliwa, na ndiye huyu. Nilibaki nimepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, na wenzangu wakaniacha.

Sehemu ya juu ya jiwe ina kuvu nene bado. Tutaisafisha baadaye. Picha pia baadaye, filamu haijaisha.

Mvua inaanza, naishia hapa.

Avital


Haifa
Alhamisi, 1 Agosti 1996

Avital, Avital,

Mwoka mikate ambaye hakumfukuza mwenye njaa! Nimelisema hilo kwa mwenye duka la samaki, kwa dereva wa basi, kwa daktari wa meno nikiwa mdomo wazi. Sinagogini wameniambia nikileta picha wataitia fremu ukutani. Kwa hiyo safisha hiyo kuvu, binti! Mikono iko? Vidole vimeachana? Picha bila mikono nitaifanyia nini?

Nimekuwa na furaha, na ni vizuri ilikuja, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya bibi yako. Miaka saba tangu Tsila aondoke.

Hujawahi kunisindikiza siku hiyo, basi nikueleze inavyokwenda. Mimi na Gershon tunapanda basi. Langoni ananiacha, anaingia na jiwe nililookota mimi ufukweni, anamwekea. Mimi nazunguka kwa barabarani, nasimama nje ya ua, nazungumza naye kutoka pale. Safu ya tatu, jiwe jeupe. Nilimzika mwenyewe, siku ya maziko kuhani anaruhusiwa kwa mkewe. Tangu siku hiyo sijamkaribia. Hata jiwe lake liliposimamishwa nilikuwa barabarani.

Mwaka huu mivinje waliyopanda kando ya ua imekua, imeshonana. Sikuona kitu. Nilijaribu kupenyeza kichwa, nikapaza sauti, "Tsila! Avital yuko Lipovitz!" Mlinzi akaja mbio. "Mzee, umepotelewa na mbuzi?"

Nilicheka na mlinzi. Kwenye basi sikucheka. Miaka thelathini na saba nililala na mwanamke yule kitanda kimoja, alikuwa na miguu baridi kama samaki, na sasa sijui hata kama nyasi zimeota juu yake. Gershon anasema hazijaota. Gershon ni rafiki mzuri, na rafiki mzuri husema uongo.

Lakini sheria ni sheria. Nimepewa mikono, nimenyimwa makaburi. Sinung'uniki. Niambie tu habari ya mikono.

Babu yako,
Zelig kuhani, mjukuu wa Zelig kuhani


Lipovitz
Ijumaa, 9 Agosti 1996

Babu yangu,

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wa yangu. Kaa chini kwanza. Kama uko kwa Gershon, mwambie asisome kwa sauti.

Hakukuwa na kuvu. Juu ya jiwe pamekuwa safi tangu siku ile. Nilipokuwa nimepiga magoti nikilia kwa furaha, Yoram alisimama nyuma yangu na ndoo, akasema, "Avital, si ulisema mikono?"

"Ndiyo."

"Hilo ni birika."

Nikamwambia hajui kitu, yeye na dini wapi na wapi. Akanionyesha kwa kidole. Ni birika, Babu. Lina shingo, lina mpini, na chini yake bakuli. Wamelichonga vizuri sana. Na kwenye maandishi nilikukatia neno moja. Limeandikwa: "Zelig mwana wa Asheri Mlawi, mwoka mikate."

Unajua kuliko mimi maana yake. Kabla makuhani hawajabariki watu, Walawi ndio huwamwagia maji mikononi. Mambo haya yanatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na baba yake baba yako alikuwa Mlawi. Ile mikono mikubwa uliyoiona ukiwa na taulo ilikuwa ya mtu mwingine. Baba yako alikuwa ndiye mwenye birika.

Niliona niendelee kunyamaza. Nilijiambia, huyu mzee ana kitu kimoja tu cha baba yake, na mimi nimevuka bahari kwenda kumnyang'anya. Ningeipiga picha nusu ya chini, ningesema juu limevunjika. Bi Genowefa asingenisuta, hajui kusoma herufi zetu. Yoram aliapa kufunga mdomo. Ningekuwa nimeuzika ukweli upya, kifudifudi, pale pale ulipokuwa.

Kisha ikaja barua yako ya mivinje. Nimeisoma nimekaa juu ya ukuta wa makaburi, nikalia kwa hasira, maana niliona ninashikilia ufunguo wa lango lile mfukoni mwangu. Mlawi anaingia makaburini, Babu. Aliruhusiwa tangu zamani. Miaka saba umesimama barabarani bure, na sababu ni daftari la Tehran.

Sijui kama nimekupa au nimekuibia. Nisamehe kwa vyote viwili.

Avital


Lipovitz
Alhamisi, 22 Agosti 1996

Babu,

Kila siku namwuliza mtu wa posta, sasa akiniona tu anatikisa kichwa kutoka mbali. Mama anasema kwenye simu kwamba hupokei, na kwamba Sabato iliyopita hukwenda sinagogi. Miaka hamsini na tatu hujakosa, hata ile Sabato uliyokuwa na jipu.

Sina la kuongeza. Nitakuambia tu kwamba jana tulilisimamisha jiwe. Tulichimba mahali pake, tukamwaga kokoto, tukalivuta. Lilipokaa wima, watu wote walirudi nyuma hatua moja bila kuambiwa, kama mtu mzima ameingia chumbani. Bi Genowefa alisahau kututukana, mara ya kwanza tangu tumjue. Akaenda kwake, akarudi na kipande cha mkate, akakiweka chini ya jiwe. Nikamwambia kwetu tunaweka kokoto, si chakula. Akasema, "Mama yangu alikula mkate wa nyumba hiyo bila kulipa, msimu mzima wa baridi. Kokoto weka wewe."

Nikaiweka. Tunarudi Alhamisi ya tarehe 5 Septemba. Kama hutaki kuniona, mwambie mama aniambie.

Avital


Haifa
Jumanne, 27 Agosti 1996

Avital,

Ni kweli nilikasirika. Nilimkasirikia Yoram na ndoo yake. Nilikukasirikia wewe. Nililikasirikia jiwe, likawa halijali. Siku nne sikufungua dirisha. Nilikuwa najitazama mikono mezani kama vitu vya mtu vilivyosahauliwa kwangu.

Siku ya tano Gershon alipiga mlango mpaka majirani wakatoka. Akanikokota kwa rabi wetu, yule kijana. Nikampa barua zako zote. Alizisoma polepole, akasema, "Mzee Zelig, daftari la Tehran liliandikwa na mama aliyekuwa na watoto mia kadhaa wakilia. Jiwe liliandikwa na watu waliokula mkate wake. Mimi naliamini jiwe." Basi, kwisha. Kuna wazaliwa wa kwanza wanne niliowakomboa wangali wachanga kwa sarafu tano za fedha, kama kuhani afanyavyo, wote itabidi wakombolewe upya. Mmoja ana ndevu na anaendesha lori la saruji. Nilimpigia simu kumweleza kwamba bado hajakombolewa. Alicheka mpaka mkewe akachukua simu.

Sabato nikaenda. Makuhani walipotoka kwenda kunawa, miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikaikalisha. Nilitaka kufa kwa aibu, nikadhani sinagogi zima linanitazama. Gershon akanisukuma kwa kiwiko. "We Zelig! Walawi wanakwenda kumwaga maji. Utakaa hapo kama gunia la unga?"

Nikaenda. Nikashika birika. Hillel, yule dereva wa basi, akanyoosha mikono yake chini yangu, nikamimina.

Sasa sikiliza. Ukiwa umeshika birika huoni uso wa mtu, unaona mikono yake tu. Na mtoto aliyesimama kando na taulo, naye anaona mikono tu. Nilitazama maji yakichuruzika kwenye vidole vya Hillel, na ghafla nikawa na kimo cha meza. Nikageuza macho kidogo, jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya, nikautazama mkono ulioshika birika. Avital, ulikuwa na kovu. Hapa, juu ya kifundo, kovu refu la mlango wa tanuri. Na mimi ninalo, mahali pale pale, wewe mwenyewe ukiwa mdogo ulikuwa unaliita barabara. Kila mwoka mikate analo. Kuhani yule wa Lipovitz mikono yake ilikuwa laini. Miaka hamsini na zaidi nimembeba mtu nisiyemjua, na baba yangu alikuwa amesimama karibu yake, anammiminia.

Nilimwaga maji mpaka yakamlowesha Hillel viatu. Hakuondoa mikono.

Jumapili nikaingia langoni. Gershon alitaka kunishika mkono, nikamwambia aniache, njia naijua. Safu ya tatu, jiwe jeupe. Nikainama kusoma. Ni kaburi la Fruma Lastik, mke wa muuza rangi! Kumbe Gershon anaposema safu ya tatu anahesabu kutoka langoni, na mimi nilihesabu kutoka barabarani. Miaka saba nimemweleza Bi Fruma habari zangu zote, za moyo wangu, za tumbo langu, za arusi ya binamu yako wa upande wa baba. Nikamwomba radhi. Nadhani alishazoea.

Kisha nikamfuata Tsila. Hakuna nyasi, Gershon alisema kweli. Mawe yangu ya ufukweni yako saba, yamepangwa. Nikakaa chini, nikaweka mkono juu ya jiwe lake, lilikuwa na joto la jua. Nikamwambia habari ya Bi Fruma, na Mungu ni shahidi, nilimsikia akicheka. Kisha nikalia kilio chote nilichokuwa nimekibakiza barabarani. Nilikaa mpaka mlinzi akaja. Akanitambua. "Mzee, mbuzi umempata?" Nikamwambia, nimempata.

Umeniuliza kama umenipa au umeniibia. Wewe ni mwanafunzi wa historia, lakini kuna mambo hujui bado. Kubariki sinagogi ni kwa makuhani. Kubariki watoto mezani Ijumaa jioni ni kwa kila baba, Mlawi au nani. Baba aliniwekea mikono kichwani kila Ijumaa mpaka nilipofika miaka saba, na sasa ninajua ni mikono ipi.

Mama yako atasuka mkate, mimi nitamkosoa. Mnafika Alhamisi. Ijumaa njoo mapema, ulete picha yenye birika, na ulete kichwa chako.

Babu yako,
Zelig Mlawi